Nishani Kifuani mwa Babu

Katika nyumba nyingi za nchi yetu hutundikwa ukutani picha ya zamani iliyokwisha kufifia. Ndani yake amesimama kijana aliyevaa sare ya jeshi, uso mkavu, mikono ubavuni, na kifuani upande wa kushoto zaning'inia nishani mbili au tatu. Mtoto huuliza, "Nishani hizi ni za nini?" Hujibiwa, "Ni za ushujaa wa babu yako." Mazungumzo hufungwa hapo, na mtoto huenda zake akidhani amejibiwa.

Mimi nasema hakujibiwa. Aliomba chungu, akapewa kifuniko. Neno "ushujaa" likitamkwa na mtu asiyejua alitamkalo ni uvivu uliovikwa vazi la heshima, na nyumba iridhikayo na jibu hilo yampoteza mzee wake mara ya pili: mara ya kwanza kwa mauti, mara ya pili kwa sifa isiyo yake.

Tuanze na kosa hilo la majivuno. Nishani za vita ni za namna mbili. Ziko chache apewazo mtu kwa tendo maalumu la ushujaa, na ziko nyingi zitolewazo kwa kila askari aliyetumika mahali fulani kwa muda fulani. Zionekanazo katika picha zetu aghalabu ni za namna ya pili. Nishani ya Vita ya 1939–45, ile ya mviringo yenye simba aliyesimama juu ya joka la vichwa viwili, ilipatikana kwa utumishi wa siku 28 tu. Kuiita nishani ya ushujaa ni kumvika mzee kanzu asiyoshonewa, naye haihitaji. Askari wa Keya, yaani King's African Rifles, waliovuka bahari na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, wakapita Bonde la Kabaw nchini Burma mwaka 1944 katika mvua zisizokatika, tope na malaria, wametuachia habari ambayo ukweli wake watosha. Wahenga walisema, usisafirie nyota ya mwenzio. Basi na tusimtundikie babu nyota ya mtu mwingine.

Huenda mtu akauliza, tutajuaje? Jawabu ni kwamba nishani husomeka, kama barua isomekavyo na mwenye kujua herufi. Tazama umbo kwanza. Nyota ya ncha nne yenye panga mbili zilizopishana ni ya Vita Kuu ya kwanza, ya mwaka 1914–15. Nyota za ncha sita ni za vita ya pili, lakini hizo zafanana umbo, ndipo hapana budi kutazama utepe. Nyota ya Afrika ina utepe wa rangi ya mchanga wenye mstari mpana mwekundu katikati, na kila upande wa mstari huo mstari mwembamba wa buluu, mmoja mzito na mmoja hafifu. Nyota ya Burma ina wekundu mpana katikati, buluu nzito kando zote mbili, na katika kila buluu umepita mstari wa rangi ya chungwa. Hapa yataka hadhari, kwa maana picha ya zamani haina rangi, na filamu nyingi za siku zile hazikuona wekundu, hivyo mstari mwekundu ulitoka mweusi na wa buluu ukatoka mweupe. Pima upana na mpangilio wa mistari kwa kioo cha kukuzia, wala usibashiri rangi. Na kama nishani yenyewe ingalimo sandukuni, geuza ukingo wake. Nishani za mviringo za vita ya kwanza ziliandikwa hapo nambari na jina la aliyepewa. Nishani za Uingereza za vita ya pili kwa kawaida zilitolewa bila jina.

Sasa nageukia kosa la pili, ambalo ni dharau. Wapo wasemao, "Hicho ni kipande cha bati cha mkoloni, kitupwe pamoja na picha yake." Maneno haya yana sauti ya uzalendo, lakini matunda yake ni ujinga. Mfalme aliyetoa nishani alikuwa wa Uingereza, ni kweli. Walakini kifua kilichoivaa ni chetu, na miguu iliyotembea hadi ikaipata ni yetu. Ukitupa nishani hukumwadhibu mkoloni hata kidogo, maana habari za vita vile ziliandikwa kwa wingi na maofisa wake, na vitabu vyao vimehifadhiwa salama. Ulichochoma ni ushahidi wa upande wako mwenyewe. Wakumbuke wapagazi wa vita ya kwanza, ambao jina la kikosi chao, Carrier Corps, limebaki hata leo katika Kariakor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi, na wengi hawakupigwa picha hata moja. Kifua kitupu si dalili ya maisha matupu. Sisi tulioachiwa picha tumepata bahati waliyoikosa jamaa zao, nasi twataka kuitia motoni!

Lipo kosa la tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, nalo ni hofu. Iko nishani moja ya mviringo ya utumishi wa Afrika, iliyoanzishwa mwaka 1902, yenye utepe wa manjano, kingo nyeusi, na mistari miwili myembamba ya kijani. Juu ya utepe huo hukaa kipande chembamba cha madini kilichoandikwa mahali pa vita. Baadhi ya vipande hivyo vimeandikwa "Nandi 1905–06", vita ambavyo ndani yake aliuawa Koitalel arap Samoei. Vingine vimeandikwa neno moja tu, "Kenya", navyo ni vya vita ya 1952 hadi 1956 dhidi ya Mau Mau. Kipande hiki kikionekana, wakubwa husema kwa haraka, "Hiyo ni ya Burma," na picha hugeuzwa uso ukutani.

Naijua hofu hiyo, wala siidharau. Yumkini mjukuu wa aliyevaa nishani ameoa kwa mjukuu wa aliyefungwa kambini. Hata hivyo uongo hauponyi jeraha, huliziba tu. Nishani yatuambia mtu alikuwa wapi. Haituambii moyo wake ulikuwa wapi. Mmoja aliingia kwa imani, wa pili kwa mshahara, wa tatu kwa kusukumwa. Kumhukumu babu kwa kipande cha madini peke yake ni dhuluma, na kukificha ni dhuluma vilevile, kwa kuwa kwamnyima mjukuu nafasi ya kuuliza swali la pili, "Kwa nini?" Swali hilo ndilo lenye faida, nalo haliulizwi na mtu aliyedanganywa katika la kwanza.

Kijana usomaye, kazi hii ni yako. Nenda kwa bibi yako kabla ya jua lake kutua, keti naye, mwonyeshe picha, na umwache aseme. Nyuma ya picha andika kwa penseli laini, bila kukandamiza, jina, mahali na mwaka uliothibitika. Pasipothibitika, andika "hapajulikani", maana neno hilo lina heshima kuliko sifa ya kubuni. Asiyeuliza hana ajifunzalo. Na mtu asiyeweza kusoma kifua cha babu yake atasomewa na wengine, kwa tafsiri waipendayo wao.