Aliyeokoka Juzi Mwacheni Akae Chini Kwanza



William Onyeabor alikuwa mwanamuziki wa fanki kule Enugu, Nigeria. Kati ya 1977 na 1985 alitoa albamu nane, zote kwa lebo yake mwenyewe, Wilfilms. Hakungoja kampuni kubwa imwite. Alinunua vinanda vya umeme, akajirekodi, akachapisha santuri palepale Enugu. Albamu ya mwisho aliiita Anything You Sow. Msomaji wa Wagalatia 6 atalitambua neno hilo.

Kisha akaokoka, akanyamaza. Mwaka 2013 lebo ya Luaka Bop ya New York ilikusanya nyimbo zake na dunia ikaanza kumtafuta. Wakamkuta mfanyabiashara, mtu wa kanisa, asiyetaka kuzungumzia muziki ule. Bendi ikazunguka nchi za watu ikipiga nyimbo zake, mwenyewe hayuko jukwaani. Alifariki Januari 2017, akiwa na miaka 70.

Wengine wanaona alikuwa na kiburi. Mimi najiuliza: angeokokea kwetu Kenya tungemfanya nini? Jumapili ya kwanza anaokoka, ya pili yuko madhabahuni na maikrofoni, ya tatu uso wake uko kwenye bango la krusedi. (Na uso huo ni mkubwa kuliko jina la Yesu, tusidanganyane.)

Nimefanya hivyo mimi mwenyewe. Kijana mmoja mpiga gitaa alitujia kutoka klabu, nikamzungusha kwenye mikesha asimulie pombe na wanawake. Kila Ijumaa hadithi ilinoga zaidi, na makofi yakaongezeka. Hakuna aliyemfundisha Neno. Hakuna aliyemuuliza analipaje kodi ya nyumba sasa. Mwezi wa nne akarudi klabu. Watu wakasema shetani amemrudisha. Shetani gani? Sisi tulikuwa tukimrudisha kila wiki, kwa mdomo wake mwenyewe.

Paulo alikwenda Arabuni kwanza, na ikapita miaka mitatu kabla hajapanda Yerusalemu. Soma Wagalatia 1.

Kwa hiyo kuanzia mwezi huu, anayeokoka hapa kwetu hapewi maikrofoni mwaka mzima, hata awe nani. Atapewa darasa, na mtu wa kumtembelea nyumbani. Wazee wamekubali, mmoja wao kwa shingo upande.

Na wewe kijana wa gitaa, kama unasoma hapa, njoo Jumapili ukae kiti cha nyuma. Sitakuita mbele.