Mgongo wa Mwalimu

Ndugu wanachuo, twamfundisha mtoto wa Darasa la Kwanza kukaa wima ashikapo kalamu. Lakini sisi wenyewe, tukiandaa masomo na kujaza alama katika kompyuta, hujikunja saa tatu mfululizo, kisha tukalalamikia mgongo na macho. Huo si uhodari wa kazi. Macho yanayokodolea kioo hupepesa mara chache, yakakauka. Kila dakika 20 yapumzisheni kwa kutazama mbali. Hapa Kigoma tunalo Ziwa Tanganyika na, anga ikitakata, milima ya Kongo ng'ambo. Kila nusu saa simameni, mtembee. Mwili ndio chombo cha kwanza cha kufundishia, nao hautolewi stoo pamoja na chaki. Mapumziko yaandikeni katika ratiba kama kipindi.