Kuchunga Nyiragongo si kazi ya mradi

Sisi wakaaji wa Goma tunakumbuka kituo cha volkano, OVG, siku ile tu ardhi inapotikisika. Hapo kila mtu anauliza: OVG imesema nini? Ardhi ikitulia, hakuna anayeuliza kama wachunguzi wake wamelipwa.

Kazi yenyewe ni ya zamani. Mizizi yake iko Lwiro, Kivu ya Kusini, kwenye kituo cha utafiti kilichoanzishwa wakati wa Wabelgiji. Tarehe 10 Januari 1977 Nyiragongo ilipasuka, na ziwa lake la moto likamwagika chini ya saa moja. OVG ilizaliwa mwaka wa 1986. Miaka tisa baadaye!

Mwaka wa 2002, vita ikiendelea, wachunguzi walikuwa na mashine mbili tu nzima za kupima matetemeko, moja Katale, nyingine Bulengo. Hata hivyo waliona dalili na wakaonya. Tarehe 17 Januari moto ulipita katikati ya mji hadi ziwani, na watu kwa maelfu wakakimbilia Gisenyi. Ndipo misaada ikaja: mashine mpya, wataalamu kutoka Ulaya, na rangi za tahadhari, kijani, njano, chungwa na nyekundu, ambazo hata mtoto wa shule anazijua.

Lakini mradi una tarehe ya mwisho, mlima hauna. Mradi wa Banki ya Dunia ulikwisha mwaka wa 2020, na kwa miezi kadhaa OVG ilikosa intaneti ya kupokea habari kutoka mashine zake. Tarehe 22 Mei 2021, jioni, volkano ikalipuka bila onyo. Moto ulifika Buhene, karibu na uwanja wa ndege. Kuna wanasayansi wanaosema dalili zilikuwa chache mno, hata mashine zote zingefanya kazi. Inawezekana. Lakini kwa nini tubahatishe?

Serikali iweke mishahara ya OVG, intaneti na mafuta ya magari katika bajeti yake, na ilipe kweli kila mwezi. Wafadhili waongeze juu ya hapo. Tena ripoti zisomwe redioni kwa Kiswahili, siyo Kifaransa tu. Mama wa Bulengo anayeishi karibu na mazuku, ile hewa mbaya inayoua mbuzi na watu, ndiye anayezihitaji kwanza.