Mdomo Uliofundwa

Kisu kikipita kwenye chikanda iliyopoa, hakikuti kitu kinachomeguka kama keki. Kinakuta kitu kinachojikaza kidogo, kisha kinakubali, kama nyama iliyosagwa na kushindiliwa. Ndani ni kahawia inayoelekea wekundu. Juu kuna ngozi nyembamba iliyoiva kwa joto la makaa. Harufu ya kwanza ni ya karanga. Pilipili huja baadaye, nyuma ya koo, wakati mlaji ameshameza na mkono unafuata kipande cha pili. Upande wa Zambia wanaiita pia polony ya Kiafrika, kwa kuwa hukatwa vipande kama soseji ile nene ya dukani, na mgeni anayeionja bila kuambiwa huapa kwamba amekula nyama. Hakuna nyama hata chembe. Kuna viazi vya okidi, ua la porini, pamoja na karanga, chumvi, pilipili na magadi.

Toleo hili linazungumzia ladha, na linaanzia Tunduma kwa sababu ya chikanda. Mji huu wa mkoa wa Songwe umezoeleka kwenye habari kama foleni ya malori yanayoelekea Zambia na Kongo, kituo cha reli ya TAZARA, na tangu 2019 kituo cha pamoja cha forodha na Nakonde, mji jirani wa Zambia. Mpaka wenyewe ulitokana na makubaliano ya Waingereza na Wajerumani ya 1890, na Wanyamwanga, wenyeji wa hapa, wakajikuta wako pande zote mbili. Majiko hayakugawanyika. Mboga ya majani iliyopikwa kwa karanga za kusaga, mlenda au delele iliyotiwa magadi, dagaa waliokaushwa kutoka Ziwa Tanganyika ambao ng'ambo huitwa kapenta: sahani ya Nakonde na sahani ya Tunduma zinajuana.

Mapishi ya chikanda yanastahili kutazamwa kwa karibu. Viazi humenywa, hukaushwa na kutwangwa mpaka viwe unga. Karanga nazo hutwangwa. Maji yakichemka kwenye sufuria hutiwa karanga, chumvi, pilipili na magadi kidogo, kisha unga wa okidi unamiminwa polepole huku mwiko ukizunguka bila kupumzika. Kwa dakika kadhaa ni uji tu. Kisha ghafla mwiko unakuwa mzito, mchanganyiko unaanza kujivuta na kuachana na kuta za sufuria, na mpishi anajua kwamba umeshika. Hapo mfuniko huwekwa, makaa yanapandishwa juu yake kama kwa mkate wa kumimina, na uso unaiva.

Ule uzito wa ghafla una maelezo. Viazi vya okidi vina kabohaidreti ya aina ya pekee iitwayo glukomanani, yenye minyororo mirefu inayokunywa maji mengi na kuvimba. Magadi yaliyomo majini huivua minyororo hiyo vijisehemu vilivyokuwa vikiizuia kukaribiana. Ikishikana, inakuwa wavu unaofungia maji na mafuta ya karanga ndani yake, na wavu huo hauyeyuki tena hata ukipashwa moto. Wajapani hutumia kanuni hiyo hiyo kutengeneza konyaku, isipokuwa wao hutumia kiazi kingine na chokaa badala ya magadi. Mama anayekoroga chikanda hana maabara, lakini anachokijua kwa mkono wake ni kemia kamili, na aliyemfundisha hakuwa na kitabu.

Sasa swali la toleo hili: kwa nini mtu anaipenda?

Jibu rahisi ni kwamba ni tamu. Neno hilo la Kiswahili lina hekima yake. Sukari ni tamu, na mchuzi wa dagaa ni mtamu, na hakuna anayechanganyikiwa. Mwaka 1908 mkemia wa Kijapani Kikunae Ikeda alichunguza supu ya mwani akakuta ladha ambayo si sukari, si chumvi, si ndimu wala si uchungu. Akaipata kwenye glutameti, akaiita umami, jina lililotokana na neno la Kijapani lenye maana ya kitu kitamu. Wasomi wa Magharibi walichukua karibu karne nzima kuikubali, mpaka vipokezi vyake vilipopatikana kwenye ulimi mwanzoni mwa karne hii. Mpishi wa Tunduma anayekaanga nyanya na kutia dagaa wakavu anaunganisha glutameti ya nyanya na inosineti ya samaki, na vitu hivyo viwili vikikutana huzidishana nguvu kuliko kila kimoja kikiwa peke yake. Ndiyo maana kiganja cha dagaa kinatosha kulisha ugali wa nyumba nzima bila mtu kulalamika kuwa mboga ni chapwa.

Ila ulimi una kazi ndogo kuliko unavyosifiwa. Ramani ile inayochorwa ubaoni, utamu mbele na uchungu nyuma, ilitokana na usomaji mbaya wa utafiti wa Kijerumani wa 1901, ukaenezwa na kitabu cha saikolojia cha 1942. Kwa kweli kila sehemu ya ulimi yenye vionjo huhisi ladha zote. Ulimi hutambua ladha chache tu. Pua ina aina karibu 400 za vipokezi vya harufu, na Linda Buck na Richard Axel, walioeleza jeni zake mwaka 1991, walipewa Nobeli mwaka 2004. Chakula kikitafunwa, mvuke wake hupanda kwa nyuma ya koo hadi puani, nao ubongo huuhesabu kama ladha ya mdomoni. Waliougua UVIKO na kupoteza harufu walilijua hili kwa uchungu: chumvi ilikuwepo, pilipili iliwasha, na chakula kikawa karatasi.

Pilipili nayo si ladha kabisa. David Julius alionyesha mwaka 1997 kwamba kiini chake huamsha kipokezi kile kile kinachotoa taarifa ya kuungua, na kwa kazi hiyo akashiriki Nobeli ya 2021. Mtoto hulia akiilamba. Mtu mzima huiagiza. Kati ya kulia na kuagiza kuna miaka ya kufundwa, na hapo ndipo hoja ya mhariri ilipo: mbali na kupenda sukari na kukunja uso kwa uchungu, mambo ambayo mtoto huzaliwa nayo, sehemu kubwa ya tunavyovipenda tumefundishwa na watu waliotupenda.

Somo huanza mapema kuliko inavyodhaniwa. Mwaka 2001 Julie Mennella na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti ambao wajawazito walikunywa juisi ya karoti katika miezi ya mwisho, wengine wakainywa wakinyonyesha, wengine maji tu. Watoto wao walipoanza kupewa uji uliochanganywa na karoti, wale waliokwisha kuionja kupitia mama walikunja nyuso mara chache kuliko wengine. Harufu ya chakula cha mama hupita kwenye maji ya uzazi na kwenye maziwa. Mtoto wa Nakonde au wa Tunduma anapokaa chini mara ya kwanza mbele ya mboga ya karanga, ameshatambulishwa.

Chikanda yenyewe ni ushahidi. Okidi ni ya milima yetu, lakini karanga na pilipili zilitoka Amerika, zikavuka bahari na wafanyabiashara baada ya safari za Columbus. Kwa vizazi vichache midomo ya eneo hili ilijifunza vitu viwili vigeni mpaka leo vinahesabiwa kuwa vya mababu. Mahindi ya ugali ni hivyo hivyo.

Na mdomo unaweza kufundishwa kukataa. Watanzania wengi wenye umri mkubwa wanaukumbuka unga wa Yanga, ule wa mahindi ya njano ulioletwa nchini miaka ya njaa, ukapewa jina la timu kwa rangi yake. Virutubisho havikuwa shida. Rangi ilibeba kumbukumbu ya uhaba, na harufu yake ikawa harufu ya foleni. Ng'ambo ya mpaka, Zambia ilipotoa mbegu za mahindi yenye vitamini A mwaka 2012, waenezaji walijua hatari hiyo. Mahindi yale yalikuwa ya rangi ya machungwa, wakayaita hivyo, ili yasichanganywe na ya njano ya msaada. Jina na rangi viliingia jikoni kabla ya lishe.

Jambo hili lina uzito mkubwa katika Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka 5 wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa ya mavuno. Sababu za udumavu ni nyingi, na ladha si ya kwanza. Lakini semina inayomwambia mama ampe mtoto mchicha bila kumuuliza mchicha huo una karanga au hauna, imeruka swali ambalo mtoto atalijibu kwa kutema.

Gharama ya ladha inaonekana vilevile milimani. Zambia ilipoishiwa okidi zake karibu na miji, wanunuzi waligeukia Tanzania, wakapita Tunduma. Tim Davenport na Henry Ndangalasi walikadiria mwaka 2003 kwamba kati ya viazi milioni 2.2 na milioni 4.1 vilikuwa vikivuka kila mwaka kutoka Nyanda za Juu Kusini. Kiazi kikichimbwa, mmea umekufa. Biashara hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu za Kitulo, nyanda inayoitwa Bustani ya Mungu na yenye aina 45 za okidi, kutangazwa hifadhi ya taifa mwaka 2005. Okidi zote zimo kwenye mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, na uchimbaji umeendelea. Mwaka 2017 Sarina Veldman na wenzake walipima vinasaba vya chikanda ya sokoni Zambia wakakuta humo hata aina za okidi ambazo hazikutarajiwa: huenda wachimbaji wanahamia kwenye kilichobaki. Kulima nako ni kugumu. Mbegu ya okidi ni ndogo kama vumbi, haina akiba ya chakula, na haioti mpaka ikutane na kuvu anayeifaa.

Askari wa hifadhi analinda kilima. Hawezi kulinda hamu. Hamu hiyo inaweza kuchambuliwa, na sehemu zake zinajulikana: mkazo wa wavu wa glukomanani, mafuta ya karanga, harufu ya kuiva, mwako wa pilipili. Kati ya hizo, okidi inaleta ule mkazo, na kiazi cha konyaku, chenye glukomanani nyingi, hulimwa mashambani Japani na China bila kumaliza mlima wowote. Jaribio linalopendekezwa hapa ni dogo. Upatikane unga wa konyaku, karanga za hapa Songwe, pilipili, chumvi na magadi, apewe mama wa Tunduma ambaye mkono wake unajua saa ambayo mwiko unakuwa mzito. Apike sufuria mbili, moja kwa unga huo na nyingine kwa ule wa okidi ambao umeshakamatwa mpakani, akate vipande vinavyolingana, na walaji wa miaka mingi kutoka pande zote mbili za geti waonje bila kuambiwa kipi ni kipi.