Kinini cha Usingizi Hakiondoi Wasiwasi



Umetoka kazi ya usiku. Unalala, lakini usingizi haufiki: moyo unapiga mbio, mawazo yanazunguka. Jirani anakupa kinini cha diazepamu, kile wengi wanachokiita Valium. Unalala vizuri. Kesho unakitafuta tena. Mwaka unapita, na bado unakinywa.

Hatusemi kinini hicho ni kibaya. Munganga anaweza kukupa kwa siku chache, na kitakusaidia. Lakini mwaka 1988, huko Uingereza, waganga walishauriwa wasikitoe kwa wasiwasi kupita majuma 2 mpaka 4. Sababu mwili unakizoea: kimoja hakitoshi tena, na ukikikosa wasiwasi unarudi na nguvu. Tena, dawa hiyo inakaa mwilini zaidi ya siku moja. Kinini cha jana kinachelewesha macho na mikono yako leo, mbele ya mashini ao kwenye usukani wa kamyo. Mwenzako hakukinywa, lakini hatari ni yake pia. Ukichanganya na pombe, pumzi inaweza kukatika.

Fanya hivi:

1. Kila siku, dakika 5, vuta pumzi polepole mpaka tumboni. Uitoe polepole zaidi.

2. Kaza ngumi, kisha ilegeze. Fanya vile kwa mabega na miguu. Munganga Edmund Jacobson wa Marekani alieleza njia hii katika kitabu chake cha mwaka 1929.

3. Jioni, andika yanayokusumbua, na kando yake jambo moja utakalofanya kesho. Zungumza na bibi yako.

4. Usikimbie kinachokuogopesha. Ukiogopa kushuka shimoni, mwambie kapita, ushuke hatua kwa hatua pamoja na mwenzako. Utaona woga unapanda, kisha unashuka wenyewe. Somo hilo kinini hakilifundishi.

Lakini ukiogopa kwa sababu jiwe la juu limelegea, huo si ugonjwa. Toka hapo, utoe habari mara moja.

Nawe mama wa nyumba, usigawie jirani vinini vya mume wako.

Kama umevinywa muda mrefu, usiache kwa gafula: unaweza kuanguka kama mwenye kifafa. Nenda lopitali, munganga avipunguze kidogo kidogo. Si haya kumwambia. Haya ni kuficha, na kupanda mashini hivyo hivyo.