MANENO YA NYUMBANI: Ndoo ya Maji na Baisikeli ya Mwalimu



Mwezi uliopita tuliandika habari ya mwalimu mmoja wa hapa Mtwara ajizoezaye kupanda baisikeli kwa ajili ya safari iitwayo Twende Butiama. Tuliandika kwa haraka, na mle tulisema neno ambalo sasa twalijutia nusu yake: ya kuwa mtu akitaka kuwasaidia wenzake na atoe fedha yake kimya, asiwasumbue watu kwa kuzunguka juu ya magurudumu. Barua zimetujia. Walimu watatu wametulaumu, mama mmoja ametusifu. Huyo mama ndiye mke wa mwalimu mwenyewe. Basi imetupasa kuirudia habari hii kwa taratibu zaidi.

Kwanza tuwaeleze wasioijua safari yenyewe. Kwa miaka kadhaa sasa wapanda baisikeli, wengi wao watu wa kazi za kawaida wala si mabingwa wa mashindano, hukusanyika Dar es Salaam wakaenda hata Butiama mkoani Mara, kijiji alichozaliwa na kuzikwa Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki tarehe 14 Oktoba 1999. Njia yao ni zaidi ya kilomita 1,000. Njiani hupanda miti, na katika vijiji wapitavyo watu hupata matibabu na shule hupata misaada. Wazee watakumbuka ya kuwa mwaka 1967 Mwalimu Nyerere naye alitoka Butiama kwa miguu akaenda hata Mwanza, kuliunga mkono Azimio la Arusha; nchi yetu haikuanza jana kusema jambo kwa miguu.

Mwalimu wetu ameongeza jambo lake mwenyewe. Amewaomba jamaa na rafiki zake waahidi fedha kidogo kwa kila kilomita atakayoimaliza, ili shule anayofundisha ipate tangi la kukingia maji ya mvua. Desturi ya namna hii ina mifano mingi ugenini. Mwaka 1980 katika jimbo la Massachusetts, huko Marekani, kijana Billy Starr, aliyekuwa amefiwa na mamaye kwa ugonjwa wa saratani, aliwaita wenzake walivuke jimbo lile kwa baisikeli. Walikuwa watu 36, wakapata dola zaidi ya 10,000 za kusaidia vita juu ya ugonjwa ule. Leo wapandao katika safari hiyo kila mwaka ni maelfu.

Hata hivyo tulitaka kujua: kwa nini watu wasitoe tu? Mmoja wa walimu waliotulaumu alitujibu hivi: "Bwana Mhariri, mimi nimeahidi shilingi 20 kwa kilomita. Angenijia mikono mitupu kuniomba shilingi 20,000, ningemwambia aje mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi ningejificha. Lakini namwona akipita mlangoni pangu kila alfajiri, giza bado. Naona haya kumdanganya mtu wa namna hiyo." Jibu hilo hatukuwa na la kulipinga.

Jumamosi moja tukaomba tumfuate, yeye juu ya baisikeli, sisi juu ya pikipiki ya kukodi, jambo lililowachekesha sana watoto wa Mikindani. Baisikeli yake ni ile nyeusi ya chuma, isiyo na gia, yenye keria pana nyuma. Kwenda alikwenda upesi, kwa maana huu ni wakati wa kusi na upepo ulikuwa mgongoni. Kurudi ndiko kulikotufundisha. Upepo ulimkabili usoni, naye hakushindana nao; aliinamisha kifua, akakanyaga pole pole kwa mwendo uleule, kama mtu atwangaye. Alituambia ya kuwa mwanzo alikosea kwa kutaka kwenda mbali kila siku, hata magoti yakamvimba. Sasa huenda mbali siku moja tu katika juma, siku nyingine huenda karibu, na siku mbili hapandi kabisa. Kiti amekiinua hata mguu karibu unyooke pedali iwapo chini, na maumivu ya goti yamepungua. Hunywa kabla ya kuona kiu: maji lita 1, sukari vijiko vidogo 6, chumvi nusu ya kijiko kidogo, dawa ileile wanayopewa watoto wenye kuhara. Mfukoni alikuwa na ndizi mbili na korosho. Tena huziepuka njia za mashambani asubuhi, kwa kuwa ndio wakati watu wanapoipulizia mikorosho salfa, na vumbi lake si zuri kwa mtu ahemaye kwa nguvu.

Hayo yote ni mema. Sasa tuje kwenye ndoo.

Majuma mawili kabla ya siku hiyo mwalimu alikwenda Msimbati, kilomita zipatazo 40 na zaidi, katika nchi ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Walioifika wanajua mchanga wake. Barabara ni mchanga tupu, gurudumu huzama kama kijiko katika uji. Lakini maji yakipwa, ufuo wenyewe huwa mgumu kama sakafu, hata magari hupita. Mwalimu akapunguza upepo katika matairi, akaufuata ufuo kuelekea Ruvula, akafurahi mno. Akakaa kuwatazama wavuvi. Aliposimama, bahari ilikuwa inajaa, na ile sakafu yake haipo tena. Alirudi akiwa ameibeba baisikeli begani, mawimbi magotini, mara mchanga mwororo, mara maji ya chumvi. Akafika nyumbani usiku.

Mtu yeyote wa pwani ajua maji ya bahari yanavyoula mnyororo. Mwalimu hakungoja asubuhi. Aliiona ndoo iliyojaa karibu na mlango wa jikoni, akaiosha baisikeli yote, spoki kwa spoki, kisha akaipaka mafuta. Ilikuwa ndoo ya mwisho nyumbani.

Barua ya mkewe tunayo hapa, naye ametupa ruhusa kuchapa sehemu yake. "Mimi siipingi safari," aandika. "Tangi la shule nalitamani, kwa maana wanangu wasoma palepale. Lakini baisikeli yetu ni moja. Ikiwa Msimbati, haiko bombani. Siku ile nilikwenda bombani mara tatu kwa miguu, nikapanga foleni mara tatu. Ndoo mbili tulizitumia. Ya tatu ikaoga mnyororo. Nimefurahi kwamba ninyi mmesema."

Twakiri ya kuwa tulipoisoma mara ya kwanza tulijipongeza. Tuliposoma mara ya pili tuliona haya, kwa kuwa mama huyu hakusema tulilosema sisi. Sisi tulisema safari ni upuzi. Yeye alisema safari yamlia maji yake. Hayo ni maneno mawili mbalimbali, na la kwake lina haki kuliko letu. Walioahidi fedha wameandikwa majina katika daftari. Yeye aliyekuwa akilipa tangu mwezi wa kwanza wa mazoezi hakuandikwa mahali.

Tukaenda kuwaamkia. Mwalimu alikuwa amekwisha kuisoma barua, mke alimsomea kabla ya kuipeleka posta, nasi twapenda jambo hilo. Hakujitetea. Alituonyesha madumu manne ya lita 20 yaliyofungwa kwa mpira kwenye keria. Sasa kila alfajiri huanzia bombani, akarudi na kilo 80 nyuma yake kwa njia ya kupanda, ndipo huenda zake. Asema kilima kile na mzigo ule vyamtia nguvu miguuni kuliko barabara yote ya Mikindani. Labda ni kweli, labda ni maneno ya mume aliyekamatwa. Tulimwuliza mkewe aonaje. "Ni juma la pili tu," alijibu. "Njooni tena mwezi wa tisa."

Jumamosi ijayo mwalimu ataondoka kwenda Newala kwa njia ya Nanyamba na Tandahimba, kilomita zipatazo 140, akipanda nyanda za Makonde, alale huko, arudi Jumapili baada ya ibada. Madumu yatajazwa Ijumaa jioni, na mama atayahesabu mwenyewe. Yeye ni mzaliwa wa Newala, nchi iliyojua taabu ya maji tangu zamani, wanawake wakiteremka ukingoni kuteka na kupanda tena na mitungi kichwani. Ameruhusu safari kwa sharti moja: mumewe akifika, kabla ya kula, aende ukingoni atazame chini upande wa Ruvuma, aione njia aliyokuwa akiipanda mama mkwe wake.

Sisi tumeahidi shilingi 30 kwa kilomita. Pikipiki hatukodi tena.