Anayemwuguza naye atuliwe mzigo

Jina la Kariakoo limetokana na wapagazi. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliwakusanya Waafrika wengi kuwa wachukuzi wa mizigo ya jeshi lao, na mahali palipokuwa kambi yao Dar es Salaam pakabaki na jina la kikosi hicho kwa matamshi yetu. Wachukuzi wangalipo sokoni hadi leo, na kila mmoja wao anajua kwamba gunia zito lahitaji wa kukutwika na wa kukutua. Lakini upo mzigo mmoja ambao sisi wakazi wa mitaa hiyo hiyo humwachia mtu mmoja peke yake: kumwuguza kijana aliyepatwa na ugonjwa wa akili.

Namfahamu shangazi mmoja, muuza vitenge, aliyepanga chumba si mbali na Mtaa wa Sikukuu. Mtoto wa kaka yake, kijana wa miaka 19 aliyekuwa akijiandaa kwa mtihani wa Kidato cha Sita, aliacha kulala. Akawa anasikia sauti wasizozisikia wengine, akakataa chakula kwa kudhani kimetiwa sumu. Wiki tatu shangazi alikesha mlangoni ili kijana asitoke usiku. Majirani walifika. Mmoja alisema ni bangi, wa pili alisema ni jini, wa tatu akauliza habari za ukoo wa mama. Hapana aliyesema, "Shangazi, kalale; leo nitakesha mimi." Wala mimi simo nje ya lawama hii. Nilikwenda mara moja na kilo mbili za sukari, nikatoa pole, nikashika njia. Ama kweli, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Jambo hili lawahusu hasa walimu na watumishi wa umma. Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba theluthi moja ya matatizo ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 14, na maradhi yaliyo mazito zaidi huzuka mara nyingi kati ya ujana na miaka ya ishirini. Huo ndio umri wa wanafunzi wetu na wa makarani wetu wapya. Tiba ipo. Kutoka Kariakoo hadi Muhimbili ni mwendo wa miguu. Lakini kwa mtu asiyelala, mwenye kijana anayekataa kutoka chumbani na biashara iliyofungwa, mwendo huo ni safari ndefu. Kinachokosekana ni mtu wa pili.

Mwaka 1954, huko Abeokuta, Nigeria, Dakta Thomas Adeoye Lambo alianza kuwatibu wagonjwa wakiwa wanaishi katika vijiji vya jirani na hospitali ya Aro, kila mmoja pamoja na ndugu yake. Alitambua kwamba ndugu ni sehemu ya tiba. Nasi hatuna budi kutambua kwamba ndugu akichoka, tiba nayo hulegea.

Tufanye nini basi? Kwanza, tugawane zamu za usiku na za kulinda biashara. Pili, tufuatane naye kliniki, tusikilize maagizo ya daktari pamoja. Dawa isikatizwe kwa kuwa kijana anaonekana amepona. Na ikimkaza shingo au taya, arudishwe kwa daktari upesi. Tatu, kijana akitamka habari za kufa, asiachwe peke yake hata kidogo. Kamba, sumu na vidonge viondolewe, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Kumwuliza waziwazi hakumpandikizii wazo hilo.

Nne, tuchunge ndimi zetu. Mirembe ni hospitali ya Dodoma inayotibu watu, lakini katika shule na ofisi zetu jina lake limegeuzwa tusi. Mkuu wa idara humpa ruhusa bila maswali mtumishi mwenye mtoto anayeugua malaria. Kwa nini mwenye kijana mgonjwa wa akili alazimike kusema uongo ili apewe siku moja?

Kijana yule sasa anahudhuria kliniki. Shangazi amekonda, na mtaji wake umepungua sana. Tupitapo mlangoni pake tuache kuuliza kijana alipatwa na nini. Tuulize usiku wa leo ni zamu ya nani.